Kwa nini mwenzio anafurahia muvi za kutisha na wewe unajifunika blanketi?

Karibuni tena kwenye safu ya maswali. Toleo lililopita kuna mama aliuliza kuhusu watoto na TV, mi nikagusia muvi za kutisha kwa sentensi mbili tu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia kutoka Mbeya, Iringa, Njombe, Tukuyu mpaka Makete, wengine wanazipenda kufa, wengine hata posta yake hawataki kuiona, na karibu wote wanataka niwaambie nani yuko sawa. Kwa hiyo toleo hili lote ni la hilo. Majina nimeyaondoa, nimebakiza mnakotoka.

Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Nzovwe hapa Mbeya. Mume wangu ni mtu mzuri, hanywi, kanisani anaenda, ila Anti huyu mtu na muvi za kutisha ni ndugu wa damu. Ijumaa akitoka kazini anapitia Mwanjelwa anaingiziwa muvi kwenye flashi, watoto wakishalala anazima taa anawasha sabufa, basi hapo ni mapanga, mizuka, watu wanatambaa darini mpaka saa saba usiku. Nikikaa naye naangalia kwa katikati ya vidole, nikienda kulala ndo mbaya zaidi maana nasikia makelele bila kuona kinachotokea. Nikimuuliza unapata nini humo anasema raha tu. Raha gani Anti ya kuona mtu anachinjwa? Mama mkwe anasema labda kuna kitu kimemwingia. Yeye ananiita mwoga. Nani kati yetu ana tatizo? (Mama wawili, Nzovwe)

Marahaba mama. Hakuna mwenye tatizo, na mama mkwe mwambie kwa heshima zote kwamba hilo la kitu kuingia tuliache. Yeye mwenyewe nina uhakika alisimuliwa hadithi za zimwi na bibi yake, usiku, watoto wamebanana kwenye moto, wanatetemeka na bado wanasema bibi endelea. Kutafuta hofu kwa ajili ya raha hakujaletwa na TV.

Sasa hiyo raha inatoka wapi. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, na moja ya kazi zake ni kunusa hatari. Iko haraka sana, haraka kuliko akili ya kufikiri. Mtu akitokea ghafla nyuma ya mlango kwenye muvi, amigdala haisubiri kuuliza hii ni TV au ni kweli, inapiga kengele mwili mzima, adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, viganja vinalowa. Ndo sasa sehemu ya mbele ya ubongo inakuja kupima mambo na kusema tulia bwana, upo Nzovwe kwenye kochi lako na mlango umefungwa komeo. Hofu inakatika. Ila adrenalini ikishaingia kwenye damu haitoki papo hapo, mwili bado umewaka wakati akili imeshajua iko salama.

Hapo ndo penyewe. Mwanasaikolojia mmoja, Dolf Zillmann, miaka ya 1970 alieleza kwamba msisimko uliobaki kutoka kwenye jambo moja unahamia kwenye hisia inayofuata na kuikuza. Kwa hiyo ule unafuu wa baada ya kutishwa hauwi unafuu wa kawaida, unakuwa mkubwa, unakuwa raha kabisa. Mumeo hafurahii mtu kuchinjwa mama, anafurahia ile pumzi ndefu inayokuja baada ya hapo, na ndo maana akiulizwa hana maelezo anasema raha tu, mwili unaijua kabla yeye hajapata maneno.

Utaniuliza, mbona na mimi nina amigdala na adrenalini ila raha siioni? Swali zuri, na hapa ndo nataka wasomaji wote mnisikilize maana majibu yangu mengi leo yatarudi hapa. Kuna mwanasaikolojia wa Uingereza, Michael Apter, alieleza kwa mfano wa chui kwenye kizimba. Kizimba kitupu kinaboa, hakuna atakayesimama kukiangalia. Chui bila kizimba, unakimbia roho mkononi. Ila chui ndani ya kizimba, hapo watu wanajaa, wanasogea, wanapiga picha. Raha inahitaji vyote viwili, hatari na kizuizi. Waliowahi kwenda Ruaha wanajua, simba akipita mita tano kutoka kwenye gari kila mtu anashika simu kurekodi, ila gari ligome kuwaka na dereva atake kushuka uone kama kuna atakayekumbuka kurekodi.

Sasa kizimba cha muvi kiko kichwani kwa mtazamaji. Ni ile hali ya kujua muda wote kwamba hii ni kazi ya watu, damu ni rangi, yule dada atanyanyuka ataenda kula chakula cha mchana. Mumeo kizimba chake ni imara, anaweza akatishwa na bado kikasimama. Wewe nahisi unaingia ndani ya yule dada anayekimbizwa, unakuwa ni wewe, na ukishakuwa ni wewe kizimba hakipo tena na kilichobaki ni hofu tupu. Huo siuiti uoga. Ni namna akili yako inavyoangalia, na nina hakika hata muvi za mapenzi unalia pale mumeo anapopiga miayo. Juu ya hapo watu tumetofautiana kiu ya msisimko, Marvin Zuckerman wa Marekani alitengeneza kipimo chake tangu 1964, kuna wanaoutafuta kwa nguvu na kuna wanaoukwepa, na kwa sehemu tunazaliwa nayo. Mtu wa namna ya kwanza bila muvi za kutisha angetafuta pikipiki.

Na kuna jambo lingine nakunong'oneza. Mwaka 1986 Zillmann na wenzake walikalisha wanafunzi wa chuo wawili wawili, kijana na binti, wakawaonyesha kipande cha muvi ya kutisha. Vijana wa kiume waliifurahia zaidi wakikaa na binti anayeonyesha kuogopa, na mabinti waliifurahia zaidi wakikaa na kijana aliyetulia. Kwa hiyo hapo mumeo anapokuita mwoga, inawezekana kabisa anachotaka ni wewe ukae pembeni yake umshike mkono, hajui tu kuomba vizuri.

Ukitaka kukaa naye, kaa bila aibu na vidole vyako usoni. Huko Denmark, mji wa Vejle, kuna jumba la kutishia watu kwa kiingilio, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliwafuatilia wageni 280, matokeo yakatoka 2019. Wakakuta kuna wanaojitahidi waogope kadiri inavyowezekana na kuna wanaojitahidi waogope kidogo, hawa wa pili wanafumba macho, wanashika wenzao, wanajiambia si kweli. Mwisho wa siku makundi yote mawili yalitoka yameridhika sawasawa. Ila ukiona hutaki kabisa, usikae, na mumeo avae hedifoni. Hilo la sabufa usiku nalipinga bila kumung'unya maneno, kuna watoto wawili wamelala chumba cha pili na sauti ndo nusu ya kitisho, nitalieleza kwa huyu anayefuata.

Kamwene Anti! Mi mwanachuo hapa Iringa nimepanga geto Kihesa. Swali langu linaweza likaonekana la kitoto. Tukienda kibanda umiza na washkaji, muvi ya kutisha naangalia nacheka mpaka mbavu zinauma, ila muvi hiyohiyo nikiiweka geto mwenyewe na hedifoni, Anti siendi hata chooni maana choo chetu kiko nje kule uani, nabana mpaka asubuhi. Afu kingine, zile zilizotafsiriwa hazinitishi kabisa, ila zenye sauti yake orijino zinanimaliza. Ni mimi tu au? (Mwanachuo, Kihesa)

Kamwene mwanangu. Si wewe tu, na wala si la kitoto, ni swali ambalo limenifurahisha kuliko yote ya toleo hili.

Hebu kiangalie kibanda umiza chenyewe. Mabenchi yamebanana magoti kwa migongo, giza lakini si giza kweli maana mlango ni pazia na kila mtu akiingia mwanga wa barabarani unamwagika, nje muuza mayai ya kuchemsha anagonga kindoo chake, mbele yuko jamaa ambaye kila muvi lazima aishauri, "we dada usifungue huo mlango, we dada!", dada anafungua, benchi zima linaruka kwa pamoja, halafu kicheko. Kile kicheko ndo ule unafuu niliomwambia mama wa Nzovwe, ila hapa mmeupata watu arobaini kwa mpigo na kila mmoja anaona mwenzake naye ameruka. Kizimba chako kimejengwa na watu. Ukija geto umeondoa nondo moja moja, umeondoa watu, umeondoa mwanga, umeziba masikio na hedifoni usisikie hata gari la jirani, umebaki wewe na chui.

Kuhusu sauti. Kuna profesa wa Marekani, Daniel Blumstein wa chuo cha UCLA, yeye kazi yake ilikuwa kufuatilia wanyama fulani wa milimani jamii ya kindi, akagundua watoto wao wakishikwa wanapiga ukelele mkali wenye mikwaruzo, sauti inayopasuka. Akajiuliza, au watengeneza muvi nao wanaitumia hii? Mwaka 2010 yeye na wenzake wakatoa utafiti wa sauti za muvi zaidi ya 100, wakakuta kweli, muvi za kutisha zina vilio na kelele za mkwaruzo wa namna hiyo kuzidi muvi za aina nyingine. Vile vinanda vinavyolia kama mlango wenye kutu havikuwekwa kwa urembo, vinagusa kitu cha zamani sana ndani ya mwili ambacho kazi yake ni kumsikia mtoto aliyeshikwa na mnyama. Fanya hivi siku moja, weka sehemu inayokutisha kuliko zote, bonyeza myuti. Utaona mtu anatembea kwenye korido basi.

Sasa mtafsiri wetu anafanya nini? Anaongea juu ya hiyo sauti! Pale kinanda kinapoanza kupanda polepole kukukaza roho, yeye ndo kwanza anakwambia huyu jamaa anaitwa nani, amempa na jina la mtaani, amemtania kuhusu suruali yake, na mara nyingi anakuonya kabisa "subiri uone sasa hivi". Mshtuko unakuwa umeshapigiwa hodi. Na zaidi ya hapo geto si mwenyewe tena, kuna mtu mzima anaongea kwa lugha yako na haogopi. Kwa mtazamo wangu watafsiri wa muvi hawajapewa sifa wanazostahili kwa hili, wamewafanya watu wengi sana waangalie mpaka mwisho vitu ambavyo wangevikimbia dakika ya kumi.

Watafiti walewale wa Aarhus walirudi tena kwenye lile jumba la Vejle, wakawafunga watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo, matokeo wakayatoa 2020. Hofu ikiwa ndogo sana mtu hafurahii, ikiwa kubwa sana hafurahii, kilele cha raha kiko katikati. Kwako wewe kibandani kumekaa sawa na geto kumepitiliza, basi. Ukitaka kuangalia geto toa hedifoni, washa taa, na nenda chooni kabla muvi haijaanza mwanangu, hilo la kubana mpaka asubuhi si zuri kwa afya.

Anti habari za kazi. Niko Mafinga. Mwanangu wa miaka 6 alienda kucheza kwa jirani akakuta kaka wakubwa wanaangalia muvi ya mtu uso umeoza. Toka siku hiyo halali bila taa, usiku anakuja kitandani kwetu, nikimwambia baba si kweli yale ni maigizo anaitikia lakini wapi. Dada yake ana miaka 12, yeye mizuka anaicheka, ila aliona nyingine ya mtoto kutekwa, sasa kutoka shule anataka nimfuate. Mbona mmoja anaogopa hiki mwingine kile? Nifanyeje? Baba yao anasema niwaache watazoea. (Mama, Mafinga)

Mama pole, na pole kwa hao wawili. Baba yao nitamjibu mwishoni.

Mtu aliyelichimba hili kuliko wengi ni Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na alichokiona kinalingana kabisa na nyumba yako. Mtoto mdogo, chini ya miaka 7 au 8, anaogopa kwa macho. Kitu kikiwa na sura mbaya basi ni kibaya, hata kama ndani ya stori ni kiumbe chema. Mtoto mkubwa wa miaka 9 mpaka 12 ameshajua uso uliooza ni plastiki na rangi, sura haimsumbui tena, kinachomsumbua ni kile kinachoweza kutokea kweli, kwake au kwa mama yake. Kwa hiyo binti yako si kwamba ni mwoga kuliko mdogo wake au jasiri kuliko mdogo wake, amekua tu, na hofu yake nayo imekua.

Na ndo maana "si kweli baba" haifanyi kazi kwa wa miaka 6. Hayo ni maneno ya kwenye akili na yeye hofu yake haiko huko. Kwake fanya vitu vya mwili. Mpe blanketi lake, mpe kitu cha kushika, maziwa ya uvuguvugu, kaa naye mpaka ausikie usingizi. Taa iacheni kwa sasa, kama umeme ni wasiwasi taa ndogo ya sola inatosha, mtamtoa polepole kwa kuisogeza mbali kidogo kila baada ya siku kadhaa. Mchana mkiwa mnacheka mwache apake masizi na unga usoni mwake, halafu na wewe umpake baba yake, aone kwa macho yake sura mbaya inavyotengenezwa na inavyooshwa na maji. Yeye anaogopa kwa macho, basi na utulivu aupate kwa macho.

Kwa binti wa miaka 12 usimwambie haiwezi kutokea, atajua unamdanganya na utapoteza kuaminika kwako. Mwambie ni jambo nadra, halafu mpange naye. Anapita njia ipi, anatembea na nani, mtu asiyemjua akimsimamisha anafanya nini, nyumba ipi njiani anaweza kuingia na kupiga kelele, namba yako aikariri kichwani. Mtoto mwenye mpango mkononi anatulia kuliko mtoto aliyeambiwa usiogope. Wiki hizi za mwanzo mfuate, halafu mfuate nusu ya njia, halafu mpokee getini.

Sasa baba. Shemeji, watoto wengine wanazoea kweli, ila mwaka 1999 Cantor na mwenzake Kristen Harrison walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo, watu wazima, wakaulizwa kama kuna muvi au kipindi cha utotoni kiliwatisha mpaka kikabaki nao baada ya kuzima TV. Asilimia 90 walisema ndiyo, na karibu robo yao walisema mpaka siku wanaulizwa bado kinawasumbua. Watu wazima hao! Wengine hawazimi taa, wengine maji ya kuogelea hawayasogelei. Kwa hiyo "watazoea" ni kamari, na mnayemchezea ni mtoto wenu.

Na kwa majirani wote wenye vijana wakubwa, Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya mwaka 1976 na kazi yake mojawapo ni kukagua filamu na kuzipanga kwa umri, ila muvi ya kwenye flashi haiji na kibandiko chochote, hapo bodi ni wewe. Mtoto wa jirani akiingia sebuleni, simamisha muvi. Dakika tano za kusubiri si kitu.

Anti mimi ni wa Njombe. Zamani nilikuwa mpenzi mkubwa wa hizi muvi, hasa za Kinijeria na za Bongo zile za kafara na waganga, CD nilikuwa nakusanya. Toka yale ya watoto mwaka 2019 siwezi. Ikianza tu sehemu ya mganga na mtoto mikono inatetemeka nazima. Rafiki zangu wananicheka wananiambia ni muvi tu mbona zamani ulikuwa unaangalia. Nimekuwa mdhaifu au? (Msomaji, Njombe)

Hapana ndugu yangu, hujawa mdhaifu.

Kwa wasomaji wa mbali, mwanzoni mwa 2019 mkoani Njombe watoto wadogo waliuawa, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na wazazi walifika mahali pa kuogopa hata kumtuma mtoto dukani. Aliyekuwa Njombe miezi ile haangalii muvi ya kafara kama mtu wa mbali anavyoiangalia. Nimesema mara ngapi leo kwamba raha ya hofu inahitaji kizimba. Kizimba cha muvi ya mganga kilikuwa ni kule kujiambia haya hayatokei, hayatokei hapa. Sasa wewe nani atakwambia hayatokei hapa? Kilivunjwa na watu halisi, mtaani kwenu, na hakuna rafiki mwenye haki ya kukucheka kwa hilo. Wazee wa huku kwetu Mbeya watakwambia hivyohivyo kuhusu miaka ya habari za watu kuchunwa ngozi, ziko stori ambazo mpaka leo hawataki zifanyiwe mchezo mbele yao na wana haki.

Nina maoni yangu hapa na nayasema waziwazi. Watengeneza muvi wetu wanaoweka mtoto na kisu cha mganga kwa sababu inauza, wakati kuna mama yuko hai Njombe ambaye hakurudishiwa mwanaye, wafikirie upya. Sisemi tusizungumzie, tuzungumzie sana, ila kuzungumzia ni kitu kimoja na kumtoa mtu ukelele ili alipe buku ni kitu kingine.

Wewe endelea kuzima. Huhitaji kujilazimisha ili kuwaridhisha rafiki zako, na unaweza kukuta muvi za aina nyingine, za mazombi au mashine, unaziangalia bila shida, hazigusi pale. Ila kama mikono inatetemeka hata bila muvi, kama unaota usiku au unaruka ukisikia mlango, hiyo ishatoka kwenye mambo ya muvi, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukaulize kitengo cha afya ya akili, ni huduma kama nyingine na wanasikiliza.

Ndaga Anti. Tukuyu hapa. Mchungaji wetu anafundisha kwamba muvi za mizimu zinafungulia mapepo mlango. Wewe unasemaje?

Ndaga fijo. Mambo ya mapepo namwachia mchungaji, mi nitasema la kwangu. Mtu anayeamini kabisa kwamba mizimu ipo akiangalia muvi ya mizimu anaangalia kitu cha kweli kwake, kwa hiyo hofu yake ni ya kweli pia na haina pa kuishia hata muvi ikiisha. Dhamira ikikuambia usiangalie, hiyo ni sababu tosha na huna haja ya kumweleza mtu. Ila usimhukumu jirani anayeangalia.

Anti ni kweli ukiogopa sana damu inaganda au ni maneno ya watu tu? (Uyole)

Kuna ukweli ndani yake! Madaktari wa Leiden, Uholanzi, waliwaonyesha vijana 24 wenye afya muvi mbili, moja ya kutisha na nyingine ya kuelimisha isiyo na presha yoyote, wakawapima damu kabla na baada ya kila moja. Baada ya ile ya kutisha kiambata kimoja kinachosaidia damu kuganda, wanakiita faktari 8, kilipanda, matokeo yalitoka 2015. Damu yenyewe haikuganda lakini, hakuna mabonge yaliyotokea. Inaonekana mwili ukihisi hatari unajiandaa kwa jeraha. Mwenye matatizo ya moyo amuulize daktari wake kabla ya kujikalisha mbele ya vitu vya kumshtua.

Zina faida yoyote au ni kupoteza muda? (Makambako)

Wakati wa korona watafiti akiwemo Coltan Scrivner na Mathias Clasen waliwauliza watu 310 wanavyoendelea, wapenzi wa muvi za kutisha walionekana kusumbuka kisaikolojia kidogo kuliko wengine, utafiti wa 2021. Maelezo yao ni kwamba labda wameshazoea kukaa na hofu na kuituliza wakiwa salama, ikija ya kweli si wageni nayo. Inaweza pia ikawa watu watulivu ndo wanaopenda hizi muvi tangu mwanzo. Kwa hiyo usimlazimishe mtu aangalie kama dawa.

Anti mi ni wa Makete, sijawahi kumaliza hata moja na baridi hili la Julai watu wote ndani wanaangalia hizo tu, nataka nianze, nianzeje?

Anza mchana, mapazia wazi. Chagua ya zamani au iliyotafsiriwa, sauti ya chini, na mtu ambaye ameshaiona akae pembeni akwambie mapema pale pabaya pakikaribia, kujua kinachokuja kunapunguza mshtuko na bado raha inabaki. Rimoti ushike wewe. Wakikwambia kuishika ni uoga usiwasikilize, mtu mwenye uwezo wa kusimamisha anaogopa bila kupitiliza, na hapo katikati ndo tunapotaka uwepo. Ikiisha usiende kulala moja kwa moja, menya viazi, piga stori, weka vichekesho nusu saa, adrenalini ishuke. Ukifika ya tatu na bado hujaona kitu cha kukufurahisha, basi si zako, waambie wakuwekee mpira.